Ukurasa wa Kufuta

Bukene

Dada Apolinaria,

Shikamoo. Huku karanga zimeota vizuri, na mama siku hizi anatembea bila mkongojo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia.

Unaikumbuka ile programu huria, ya bure, tunayosajilia chanjo za watoto hapa zahanati? Niliwaandikia walioitengeneza kwa ukali: “Maelezo yenu hayaeleweki, yametupotezea majina ya watoto arobaini!” Jana wamenijibu. Wamepata mfadhili wa kugharamia mwongozo mpya wa Kiswahili, na wanataka niuandike mimi. Mimi, dada! Nilikaa sakafuni.

Mganga mfawidhi akacheka, “Recheli, umeula!”

Hajui. Kitufe cha kufuta nilikibonyeza mimi, kisha nikawaambia hapa kazini kwamba kompyuta imeharibika. Mtoto wa Stela, jirani yetu, akakosa chanjo, surua ikamshika. Alipona, lakini sikio moja halisikii.

Leo nimeandika ukurasa wa kwanza, unaohusu kufuta. Nimeeleza kosa lilivyotokea, na aliyelifanya nimemtaja kwa jina. Kesho nampelekea Stela ausome kabla ya mfadhili.

Niombee.

Mdogo wako,
Recheli