Majani Matatu ya Shangazi Benigna

Nshambya, Bukoba
11 Septemba

Shangazi yangu mpendwa Benigna,

Kasinge waitu. Nakupigia magoti kutoka huku mbali, kwenye sakafu yangu ya saruji. Macho yanaendeleaje tangu upewe yale matone? Na mguu, bado unauma asubuhi? Ule mgomba ulioinama nyuma ya jiko umepata mti wa kuuegemeza? Sisi tu wazima. Mvua zimeanza kudondoka, na upepo wa ziwani unatufanya tulale na sweta.

Kwa kuwa huwezi tena kujisomea, anayekusomea ni mume wangu Avit. Anapita Buganguzi akielekea Rubya, nami nimempa bahasha nikamwambia asiifungue mpaka awe amekaa mbele yako. Avit, soma polepole, usimeze maneno kama unavyomeza chai. Pale Kiswahili changu cha shule kinapozidi, mweleze Shangazi kwa Kihaya. Na ukifika mahali pa kuona haya, soma tu.

Shangazi, nimeolewa vizuri! Miezi mitano imepita, na bado nikisikia kirikuu chake, kile kigari cha mizigo, kinapinda kona najikuta nimeshasimama mlangoni. Ananiita omugole, bibi harusi, mpaka leo, mbele za watu, hata sokoni nikiwa na samaki mkononi. Nilipopata homa alinisuka nywele mwenyewe, mistari ikaenda kila upande, na Jumapili nikaingia nazo kanisani kwa sababu ni kazi ya mikono yake. Jirani yangu Siti alicheka mpaka akakaa chini. Akasema ndoa ikitimiza mwaka nitajifunza kumkimbiza mwanamume mwenye kitana. Mimi sitaki kujifunza.

Ningeweza kuendelea hivi mpaka karatasi iishe, na ndivyo nilivyofanya kila uliponipigia simu. Nilikusimulia mapazia, nikakusimulia sufuria, nikakusimulia Avit. Lakini wewe mwezi uliopita ulinipigia kwa jambo lako. Uliniambia kwamba pale kwenye geti la hospitali ya Rubya, ulipouza akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, miaka ishirini, sasa vibanda vyote vimetundika pakiti nyekundu. Mzee Mushumbusi, mteja wako wa tangu zamani, alikupita na pakiti yake mfukoni akakuambia kwa aibu kwamba hii haimwagiki. Ulirudi nyumbani na kahawa yako yote, bado imefungwa kwenye magamba ya mgomba kama ulivyoifunga asubuhi. Kisha ukanunua pakiti moja, ukatafuna, na ukaniambia maneno ambayo tangu siku hiyo nayasikia hata nikiwa nasali: kuna mtu ameingia jikoni mwangu.

Uliniomba nichunguze huku mjini ni nani anazitengeneza. Nikasema nitauliza. Wiki iliyofuata ukanipigia tena, ukasema nisihangaike, umeshamjua mwizi. Ni Restituta, kwa kuwa ni yeye peke yake anayeingia jikoni kwako, anayekuchotea maji na kukuongoza kanisani. Ukasema umemkataza asikanyage tena kibanja chako, na ulipomwambia alitua ndoo akaondoka. Nami, Shangazi, nilikuwa nimeshika simu. Nilikuuliza kama mvua zimeanza.

Restituta hajakuibia chochote.

Kwenye harusi uliambiwa kwamba Avit ni fundi wa mashine, na ilikuwa kweli. Mara tu baada ya harusi, yeye na rafiki yake Yunus walifungua karakana yao hapa Nshambya. Wana tangi la chuma la kuchemshia, kikaushio cha umeme na mashine ya kufunga pakiti. Wanawake sita wamepata kazi humo, Siti mmoja wao. Kahawa inayoingia mbichi asubuhi, kesho yake iko ndani ya pakiti, zote sawasawa, huwezi kujua ipi ilitangulia. Wewe kwa kazi hiyohiyo ulikuwa unahitaji siku nne za jua na mtu wa kufukuza kuku. Siti anasema alipokuwa analima alijua kazi imeisha kwa kuangalia jua, na sasa anasubiri mashine imwambie, nayo haina haraka ya kwenda nyumbani.

Pakiti nyekundu ni zetu, Shangazi. Avit, najua umenyanyua macho. Yarudishe kwenye karatasi, kuna jambo hata wewe hulijui.

Mwanzoni kahawa yao haikulika. Ilikuwa kama kutafuna kijiti. Watu walionja stendi wakatema palepale, na Yunus akawa anatania kwamba wauze kwa maadui. Avit hakucheka. Alikuwa akirudi nyumbani, anakaa na sahani ya ndizi mbele yake mpaka inapoa, na ananiangalia kama mtu anayeangalia ukuta. Shangazi, nilikuwa na wiki tatu tu za ndoa. Nilitaka aniangalie tena kama alivyoniangalia siku ile ulipoufunua uso wangu mbele ya wakwe. Basi nikamwambia. Nilimwambia majani matatu ya kuchemshia kahawa, lipi linatangulia, lipi linaingia moto ukishapungua, na kwamba chungu kisifunuliwe mpaka kipoe chenyewe. Akaninyanyua juu jikoni kama mtoto. Nilifurahi sana. Hiyo ndiyo inayoniumiza kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Na aliponiuliza nimeyatoa wapi, nilisema ni yangu. Nilisema niliyajaribu mwenyewe nilipokuwa kidato cha tatu, wakati wa likizo. Alijivunia mimi mbele ya Yunus na mbele ya wafanyakazi wote, na kwenye pakiti akachora mwanamke aliyebeba kikapu, akasema huyo ni mimi.

Avit, nilikudanganya. Majani ni ya Shangazi. Aliyapata kwa bibi, na kwa kuwa hakujaliwa binti, alinipa mimi jikoni mwake, mlango umefungwa, wiki moja kabla ya harusi. Alicheka akasema mume atapata kila kitu changu isipokuwa hiki, hiki ni cha siku ambayo mume hayupo au ni mgonjwa. Niliitikia kwa kiapo. Sikukitunza hata mwezi mmoja. Wewe huna kosa katika hili, ulidhani unatumia akili ya mke wako. Na hukujua kwamba Shangazi anaishi kwa kahawa ile, kwa sababu nilikuambia anauza kwa kujifurahisha tu, ili usiulize zaidi.

Nimewaza kuja mwenyewe nikapiga magoti. Mara mbili nilifika stendi, mara mbili nilirudi nyumbani. Sikuweza kukuambia wewe, Shangazi, na sikuweza kumwambia yeye, kwa hiyo nimemfanya akusomee wewe na kujisomea yeye kwa pamoja. Najua huu pia ni woga. Naomba radhi, kwako na kwake, na simwombi yeyote anihurumie.

Naomba mambo mawili tu. La kwanza, Shangazi, tuma mtu amwite Restituta leo, kabla jua halijazama, aje akae hapo mlipo asikie jina lake likisafishwa. La pili ni lako, Avit. Ndani ya kirikuu kuna katoni thelathini za kupeleka geti la Rubya. Usiziteremshe mpaka Shangazi aseme. Akisema zirudi Bukoba, zirudi. Akisema tangi lizimwe, nitalizima kwa mkono wangu, na Siti na wenzake nitawaeleza mwenyewe kwa nini. Akisema usinirudie usiku huu, lala huko, mimi nitaelewa.

Wasalimie wote wa kibanjani, na shemeji zangu wa ng'ambo ya barabara. Mungu akulinde, ayape macho yako nuru. Nakupenda, na najua leo neno hilo halina uzito.

Avit, barua imeisha. Ikunje, umpe mkononi, kisha nyamaza umsikilize.

Ni mimi mtoto wako mkosefu,
Agnetha