Anwani Bila Bawabu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto. Umri: miaka 15. Kazi: mwanafunzi. Makazi: kwa shangazi yake, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Yupo pamoja na baba yake.

Mnamo tarehe 14, Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana, nilifika ofisini kwa shangazi, ghorofa ya tatu. Shangazi ni fundi wa mitandao inayoundwa ndani ya kompyuta kubwa za chumba cha chini. Alikuwa akinifundisha aina zake. Mtandao wa pamoja ni kama ua wa wapangaji, kila mtu hupita. Uliotengwa una mlango na bawabu, na bawabu ndiye anayegawa anwani, yaani namba ya utambulisho, kwa mashine. Wa tatu ni waya mtupu: hauna bawabu, anwani huandikwa kwa mkono.

Saa nane na dakika arobaini aliunda waya mtupu, akaweka humo mashine moja ya majaribio, nayo ya ndani ya kompyuta. Aina hiyo niliisoma mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta. Hakuandika anwani. Mashine ilipowaka, ilikuwa nayo.

Alicheka. "We mtundu, umegusa nini?"

"Haki ya Mungu, shangazi, mikono iko mfukoni."

Aliizima, akaiwasha. Anwani ileile. Akauliza polepole, "Nani amekupa?" Hakuwa akiniuliza mimi.

Saa tisa kasoro dakika tano alichukua funguo. "Kaa hapa, mama. Nashuka kuangalia." Chumba cha chini kina mlango mmoja. Mlinzi alimwona akiingia. Hadi leo hajamwona akitoka, na ndani hayumo.

Saa tisa na dakika sita, orodha ya mtandao ule ilionyesha mashine mbili. Ya pili haikuwa na jina. Nilipiga simu ya chumba cha chini. Ilipokelewa, nikasikia feni tu. Kila nilipoita "Shangazi", taa ya mashine ya pili kwenye kioo iliwaka mara moja. Niliita mara nne, ikawaka mara nne. Nilinyamaza dakika mbili, haikuwaka.

Meneja anataka mtandao huo ufutwe leo saa kumi. Baba anasema nimechoka. Huenda ni kweli, lakini kuhesabu hadi nne ninajua. Naomba usifutwe.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Sikuongeza wala kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya tarehe 15, mbele ya baba yake. Amesahihisha neno moja. Niliandika shangazi "alikuwa" fundi. Ameomba iwe "ni". Nimebadilisha. Saa tisa na dakika hamsini nimempigia meneja simu, nikamwagiza asifute kitu.