Usukani Ulioshonwa Ngozi Mbichi

Mjukuu wangu Daudi,

Huku Mbozi sote wazima. Kahawa imechanua mpaka nyuki wamehamia uani, na mama yako mdogo amejifungua salama.

Unaniuliza usukani uliopasuka wa hilo gari lako la kale utautengenezaje. Mimi najua njia moja tu. Enzi za Mwingereza, dereva wa lori la kahawa alisimama kwetu, ufa wa usukani unamfinya viganja. Alishaufunga kamba mara tatu, zikalegea. Baba alikuwa akiwamba ngoma, nami nilikuwa fundi wake wa kushona. Nikaushonea ngozi ya mbuzi ikiwa bado mbichi.

"Mbona imelegea?" akanung'unika.

"Nenda nayo Kamsamba. Joto la kule litaikaza."

Ikakaza kweli, ufa ukabanwa. Lakini alirudi amenuna: kila aliposimama, mbwa walilizingira lori kwa ile harufu! Nilicheka hadi nikakaa chini.

Nawe usiivute kwa nguvu unaposhona. Iache ikauke, itajikaza yenyewe.

Juma lililofuata dereva yule akaja tena. Nikaukagua usukani mshono kwa mshono.

"Mbona sioni kasoro?" nikamwuliza.

Babu yako akasema, "Hata mimi sijaiona."

Ni mimi bibi yako,
Tabita