Leseni ya Dini ya Melkizedeki

Mtaa wa Stesheni,
S.L.P. 34,
Manyoni.
20 Agosti 1995

Mpendwa Kaka Simoni,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kigoma, wewe na wifi Belinda na watoto, na lile goti lako liwe limepata nafuu. Sisi huku tupo. Mimi malaria ilinilaza wiki mbili, nimepona, nimerudi kwenye cherehani yangu pale barazani kwa Melkizedeki. Mama hajambo, ila macho yanamsumbua, na kila treni ya Kigoma ikipita anauliza kama kuna barua yako.

Barua yako ilifika, na mimi ndiye niliyemsomea. Nilitaka kuruka ile sehemu ya mwisho, lakini unamjua Mama, alisikia sauti yangu imesita akaniambia nisome yote. Kwa hiyo amelisikia agizo lako, kwamba aondoke nyumbani kwa Melkizedeki ahamie Mitundu kwa baba mdogo Petro, kwa sababu huyu mdogo wako Melkizedeki ameanzisha dini yake mwenyewe. Aliingia chumbani akaanza kukunja kanga zake, maana wewe ndiye mkubwa na neno lako halivunji. Kaka, nakuambia wazi, siku hiyo nilikukasirikia. Ulisikia maneno ya watu, hukuniuliza mimi ninayeshinda nao kutwa.

Unakumbuka duka la ushirika lilivyofungwa, sabuni tukawa tunaifuata Itigi. Biashara iliporuhusiwa, Melkizedeki ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kwetu kujaribu. Alikusanya asali kule Mitundu akaipeleka Dar es Salaam kwa treni, madumu yanavuja, abiria wanamsema njia nzima. Safari ya sijui ya ngapi akarudi na mashine ya kusaga. Mpaka leo wanawake wa upande huu wa reli wanasaga kwake. Halafu pampu ya kisima ilipokufa, ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba kupanga zamu za kuchimba mtaro wa bomba, ndiyo maana wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Haya yote unayajua, ila kwenye barua yako uliyasahau.

Dini ameipata kwenye safari hizohizo. Fundi anayemuuzia vipuri vya mashine alimkaribisha kanisani kwao, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wanaoitwa Wamormoni. Akawa anahudhuria kila akienda, mwisho akabatizwa. Hapa Manyoni hana mwenzake. Jumapili anasali sebuleni na mkewe na watoto, wanaimba nyimbo tusizozijua. Hawanywi pombe, hawavuti sigara, na chai pia hawanywi. Hilo la chai limenishinda. Mgeni anapewa maziwa ya moto yenye asali, na dukani kwake majani ya chai hauzi. Mimi huvuka barabara nikanywa chai yangu kwa jirani yetu Anuari, mwenye duka naye, halafu narudi kushona.

Sasa kosa lilipoanzia. Kule Dar es Salaam walimpa daraja lao linaloitwa Ukuhani wa Melkizedeki. Si jina lake yeye, ni la yule kuhani wa kwenye Biblia, lakini mdogo wako alifurahi mno, akasema ni kama walikuwa wanamngoja. Aliporudi akachukua kalamu nyekundu akaandika: "Jumapili hatusagi, ni siku ya ibada. Ukuhani wa Melkizedeki." Karatasi akaibandika pale palipokuwa na nafasi ukutani, kando ya leseni ya biashara.

Watu wetu si unawajua. Kufika Jumatano mtaa mzima unasema siku hizi kila kitu ruksa, Melkizedeki amekata leseni ya dini. Mama mmoja alinijia kwa siri kuuliza kama akijiunga atasagiwa bure. Alute seremala, ambaye uenyekiti aliutaka tangu mwanzo, akaitisha mkutano kisimani, na mwaka huu wa uchaguzi kila mtu anajua kuitisha mkutano. Hoja yake ni kwamba mtu mwenye dini yake binafsi hawezi kushika ufunguo wa maji ya watu wa dini zote. Nadhani hizo ndizo habari zilizopanda treni zikakufikia.

Mkutano ulikuwa Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi. Mama alikuja na fimbo yake, na nyumbani mzigo wake wa Mitundu umeshafungwa. Niliogopa, maana sikujua atasema nini. Melkizedeki alijieleza vibaya. Hasira zilimpanda akaanza kuhubiri, watu wakaguna. Anuari akamtetea, kwamba yeye Mwislamu hana ugomvi na dini iliyomwachia wateja wote wa majani ya chai. Tulicheka. Alute hakucheka, akarudia kuuliza ni nani aliyempa mtu huyu ruhusa ya kujiita kuhani.

Mama akasimama. Alianza kwa Kinyaturu, kisha akageukia Kiswahili ili Anuari naye asikie. Alisema wiki aliyomzaa mtoto huyu, pale misheni walikuwa wanampa kijana mmoja upadre, na kwenye masomo akatajwa kuhani Melkizedeki. Akampa mtoto jina hilo, akaomba aje awe kuhani. Alipotoroka seminari, wewe ukamrudisha mara mbili na sanduku lake la bati, naye akatoroka tena, Mama akajua Mungu amemnyima. Halafu akasema, na haya ni maneno yake mwenyewe: "Aliyemwombea ukuhani ni mimi. Kosa langu, sikutaja kanisa."

Alute alikaa chini. Uenyekiti umebaki kwa Melkizedeki, ila Jumapili ufunguo wa pampu anaushika Alute. Karatasi Mama ameibandua, sasa kuna nyingine iliyoandikwa "Jumapili hatusagi" basi. Jumapili iliyofuata Melkizedeki alimsindikiza Mama mpaka mlango wa kanisa lake, akarudi kusali sebuleni kwake.

Mzigo Mama ameufungua. Barua yako ameiweka chini ya mto, anasema ataijibu ukija mwenyewe ukae meza moja na mdogo wako. Kwa hiyo omba likizo ya Desemba. Chai nitakuvusha barabara ukanywe kwa Anuari. Kwa Melkizedeki utapewa maziwa, na kikombe utakimaliza.

Nisalimie wifi Belinda na watoto, hasa Shukuru wangu. Baba mdogo Petro anakusalimu, na Anuari pia. Mama anakuombea kila siku, na safari hii anataja kila kitu: goti lako, likizo ya Desemba, treni ya kukuleta, na stesheni ya kushukia, Manyoni.

Mdogo wako akupendaye,
Yustina