Betri ya Gari la Mahari

Jumatatu, 2 Juni

Slaidi za malaria tangu asubuhi. Darubini moja imeharibika, tunapokezana iliyobaki. Mchana ugali na furu, visamaki vya ziwani, kwa mama lishe nje ya kituo cha afya. Nikiwa nanawa mikono mama akapiga simu kutoka Butiama, analia. "Limekufa." Nilisikia "amekufa", nikadhani ni baba.

Kumbe ni gari. Ile haibridi, ya mafuta na umeme, ambayo Magesa, mume wangu, alimpa baba kwenye mahari badala ya ng'ombe sita. Baba mwenyewe ndiye aliyeitaka. Magoti yake yamechoka, hafiki tena kanisani kwa miguu, na ng'ombe hawapandwi. Wajomba walimcheka. Hakujali. Linapanda mlima kimya, mafuta halinywi. Tangu alipate amelisifu kuliko alivyowahi kunisifu mimi.

Leo limewaka taa zote, likakataa kutoka uani.

Jumanne, 3 Juni

Wamelivuta kwa trekta mpaka Bunda. Trekta lenyewe lilikuwa linapeleka pamba, likafungwa kamba nyuma. Baba mdogo Mugeta, mdogo wake baba, alishika usukani. Mama anasema watu walijipanga barabarani kama wanaangalia harusi.

Aibu. Mpaka huku Musoma naisikia.

Jumatano, 4 Juni

Fundi Kulwa wa Bunda amepiga. Siyo ile betri ndogo ya kuwashia. Ni kubwa, iko nyuma kwenye kiti, ndiyo inayosaidiana na injini. Imekwisha. Akanitajia bei ya mpya.

Nilikaa chini. Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile, taratibu, kama anayetoa pole. Betri moja inawazidi ng'ombe wote sita! Nilimpigia fundi wa hapa Musoma nikitumaini Kulwa ni mwizi. Huyu akataja zaidi.

Hivi watu wanaonunua magari haya wanajua? Mimi sikujua. Nilijua habari za mafuta tu. Kila mtu anakwambia habari za mafuta.

Nilimweleza Magesa jioni. Hakushtuka. Alisema "mh", akaenda kupanga makreti yake ya sato wa kuuza. Limenikaa hilo.

Ijumaa, 6 Juni

Siamini ninachoandika.

Baba mdogo Mugeta amekuja na wanaume wawili wa ukoo. Wakanywa maji, wakakaa. Kisha akasema, "Ng'ombe wa mahari akifa kabla hajazaa, anarudishwa. Hili halijazaa."

Nilicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Wanataka betri au ng'ombe sita. Mpaka walipwe, nirudi kwetu. Mimi! Nina miaka thelathini na moja, nimefunga ndoa kanisani, ni mtumishi wa serikali. Nikampigia baba, nina hakika atawakemea.

"Rudi nyumbani, mama," akasema. "Mpaka mambo yakae sawa."

Nikamgeukia Magesa aseme neno. Alikuwa anaangalia sakafu.

Nimefunga begi. Hakuna aliyenilazimisha kwa mkono. Nimeondoka kwa hasira, siyo kwa utii.

Jumamosi, 7 Juni

Butiama. Chumba changu cha zamani kina magunia ya mtama. Mama amenipisha kitanda chake.

Ujumbe wa Magesa: "Niliuza mtumbwi na mashine yake ili nipate lile gari. Sina kingine cha kuuza." Nimeusoma mara nyingi. Hakuna neno "rudi" ndani yake.

Jumapili, 8 Juni

Baba alikwenda misa kwa bodaboda. Kushuka kulimshinda, mwendesha pikipiki akamshika kiunoni kama mtoto. Watu waliangalia pembeni kwa heshima. Nilimhurumia mpaka nikasahau kwamba nimemkasirikia. Njiani kurudi nikakumbuka.

Hatuongei. Ananisalimia, namwamkia, basi.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeomba ruhusa kazini. Asubuhi nikaenda Bunda. Nilitaka kuliona hilo gari kwa macho yangu.

Kulwa alikuwa ameshang'oa kiti cha nyuma. Akaniita nichungulie. Pembeni ya kiti kuna tundu la hewa. Ndani yake kuna feni inayovuta hewa ya kupoza betri. Likiziba, betri inachemka, inajiua yenyewe pole pole. Akaingiza kidole, akavuta. Yakatoka mashudu. Mashudu ya pamba, yale ya kulisha ng'ombe! Na manyoya ya mbuzi. Alivuta tena na tena. Lilikuwa limeshindiliwa kama mto wa kulalia.

Baba alikuwa anabebea mashudu kwenye kiti cha nyuma. Na mbuzi.

Nikasema lazima taa ilimwonya. Kulwa akanionyesha dashibodi. Mahali pa pembetatu nyekundu ya hatari palikuwa pamebandikwa plasta ya kidonda. Moja ya zile ninazompelekeaga mimi.

Aliona. Aliona, akaziba, akaendelea kubeba mbuzi. Kisha akaniita nirudi nyumbani!

Nilitaka kupanda basi hapohapo nikamkabili. Kulwa akanizuia. "Dada, tuseme ukweli wote. Hii betri ilikuwa mzee kabla ya mashudu. Haya magari yanafika kwetu yameshatumikaga huko yalikotoka. Anayeuza anajua."

Nikampigia Magesa. Alikuwa Murangi, akinunua samaki. Nilimuuliza swali moja tu: alijua betri imechoka?

Nikasikia wavuvi nyuma yake wakigombania mizani.

"Aliyeniuzia alisema imebakiza mwaka. Labda miwili."

"Ukanyamaza?"

"Mzee alikuwa anafurahi sana, Nyangeta. Ningemwambiaje?"

Nilikata simu. Nimezungukwa na wanaume wanaoficha taa.

Jumanne, 10 Juni

Nimewaita wote gereji kwa Kulwa. Nilisema asiyekuja asinitafute tena. Wakaja. Baba, baba mdogo Mugeta, Magesa na shati lake la samaki.

Sikuwapa soda. Niliweka mashudu juu ya meza ya vifaa, na ile plasta juu yake. Mugeta akaanza hotuba yake ya ng'ombe aliyekufa.

"Mugeta, nyamaza," baba akasema.

Sijawahi kumsikia akimwambia hivyo mbele ya watu. Alikuwa anaiangalia plasta. Kulwa akaacha kugonga chuma.

"Ile taa ilikuwa inaniumiza macho," baba akasema. Kisha, taratibu: "Hapana. Nilikuwa naogopa. Nilijua likienda kwa fundi halirudi, na mimi narudi kukaa kwenye kiti pale nje."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali wake. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Magesa naye akasimama, akayasema yake yote, mpaka ule mwaka mmoja au miwili. Alilia kidogo. Baba hakumlaumu. Alimuuliza tu, "Mtumbwi ulikuwa wa baba yako?" Magesa akaitikia. Baba akavua kofia.

Kulwa akaeleza. Siyo lazima betri nzima. Seli zilizokufa, vile vipande vya ndani, zinatolewa, zinawekwa za mkono wa pili. Ni nafuu mno. Lakini haahidi zitadumu. Zinaweza kufika mwaka, zinaweza zisifike. Baba atauza dume mmoja. Kinachopungua atalipa Magesa.

Mugeta aliuliza, sasa mahari imesimamaje?

Nilipanda basi la Musoma. Magesa akapanda nyuma yangu. Sikumkataza.

Jumamosi, 14 Juni

Kazi. Darubini bado.

Nimegundua simkasirikii Magesa kwa betri. Namkasirikia kwa kuangalia sakafu. Nimemwambia. Hakujitetea. Tumelala kila mtu upande wake.

Alhamisi, 26 Juni

Kulwa anasema gari limewaka. Bado nashtuka kila simu ya Bunda ikiita.

Magesa amenisindikiza mpaka kituoni asubuhi. Tulipoagana akasema, "Siku ile alipokuja Mugeta, ningesimama." Nikamwambia ndiyo, ungesimama. Nikaingia ndani.

Jumapili, 6 Julai

Mchana tulivu, upepo wa ziwa. Nilikuwa nafua. Sikusikia gari, halinaga kelele. Nilinyanyua kichwa, baba yuko getini, ameshashuka, ameshika mlango asianguke. Amekuja peke yake kutoka Butiama. Hakutoa taarifa.

Magesa alikimbia kuvaa shati.

Baba akakaa barazani. Akauliza habari za kazi. Akasema kule mvua hakuna. Habari za gari hakuna aliyezigusa. Mimi nilikuwa nahesabu maneno kichwani, nikingoja aseme kilichomleta.

Kwetu baba hali chakula kwa mkwe mpaka mwenyewe aridhike kwamba mahari imeisha. Tangu niolewe amefika hapa mara mbili, na mara zote mbili alikunywa maji akaondoka na njaa yake. Kwa hiyo nilimletea maji.

Akayapokea, akayaweka chini bila kunywa.

"Hamjapika?"

Nilisonga ugali. Sato, mboga, pilipili. Magesa akamnawisha. Baba akamega, akachovya, akala. Alikula mpaka akamaliza, akaomba kuongezewa.