Mkono wa Mama na Ndege wa Madagaska

Alhamisi. Mvua ya mawe imenyesha mchana. Chai ya jirani imechanika vibaya, yetu imepona. Moyo wangu ndio haujatulia.

Shajara yangu, Jumamosi ni koito. Watu wa Kibet, mchumba wangu, wanatoka Chepilat kuja kuniposa rasmi, na mama amekataa kukaa nao sebuleni. Tangu apooze upande wa kulia, wageni wakija anajificha jikoni. Anasema kuwasalimia wakwe kwa mkono wa kushoto ni kuwatukana, na hataki koito yangu ianze kwa tusi.

Sitaki koito bila mama.

Nimemwambia hivyo tena na tena. Kila mara ananiuliza kama nimelisha ng'ombe.

Leo jioni nilikuwa namkanda ule mkono huku nikirudia somo langu. Wiki ijayo nasimama mbele ya darasa pale chuoni Kabianga kueleza mabawa ya ndege wakubwa waliotoweka. Nikamwambia mama kuwa moa wa Nyuzilandi hakuwa na mfupa hata mmoja wa bawa, alibaki na bega tu, tena dogo. Yule wa Madagaska, mkubwa kuliko mbuni, alikuwa bado na kimkono: mfupa wa juu, miwili ya chini, na vidole vilivyoshikana. Cha kurukia hapana. Alitembea nacho hivyo hivyo maisha yake yote.

"Sasa alikuwa anabeba tu hiyo mkono bure?"

"Bure kabisa, mama."

"Na hakuwa na jikoni ya kujificha, maskini."

Akacheka kile kicheko chake cha upande mmoja. Nakipenda kuliko nilivyowahi kumwambia.

Kisha akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, akauinua na kuninyooshea. Ndivyo tunavyomsalimia mtu wa heshima huku kwetu: wa kulia mbele, wa kushoto ukiushikilia. Miezi yote hii hatukuwa tumeliona hilo, si yeye, si mimi.

"Chamgei," akanisalimia, uso mkavu kabisa, kama mimi ndiye mkwe.

Kiganja chake hakikunishika. Nikakishika mimi, kwa niaba yetu wote wawili.

Jumamosi wageni watasema mama ana adabu kupita kiasi. Wacha waseme. Mimi nitakuwa nimekaa kando yake, nikijikaza nisilie kabla hata maombi hayajaanza.