Anaisikiliza Kompyuta, Mimi Hanisikii

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla wivu haujanitoa roho. Mimi nashona nguo, mume wangu anawachapia wanafunzi kazi zao, na sote tunafanyia kazi sebuleni, yeye na kompyuta yake ya mezani, mimi na cherehani yangu, na wiki mbili zilizopita kompyuta ikaanza kunguruma, akaita fundi, nikatarajia mzee mwenye miwani, akaja dada mmoja wanamwita Bisibisi, mzuri hivyo hivyo na ovaroli lake, akapiga magoti akaweka sikio kwenye boksi la kompyuta, na mume wangu naye akapiga magoti akaweka lake upande wa pili, wanasikiliza macho wamefumba, na mimi nimesimama na pini mdomoni.

Akasema ni feni. Akafungua, akatoa donge la nyuzi za kila rangi, nyuzi zangu, akaliweka mezani kama ushahidi, kisha akanigeukia: "Dada, na wewe kifua hakikusumbui?" Nikajua ananisimanga. Tangu hapo kompyuta ikivuma kidogo tu mume wangu anampigia simu, anamwigizia mlio na kucheka, na mimi nakohoa mwezi sasa, yeye aliniambia tu ninywe maji.

Sasa nikwambie kosa langu. Yule dada alituonya kwamba tukisikia kitu kinagonga ndani, ta, ta, kama ukucha juu ya meza, tuzime papo hapo na kumwita, kwani hiyo si feni, ni diski inakufa, na itaondoka na kila kilichohifadhiwa. Jumatatu mume wangu ametoka, nikasikia ta, ta. Sikusema, maana nikisema, yule anarudi. Leo siku ya nne, kila akikaa kwenye kompyuta mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu hata kama sina cha kushona, ili asisikie, na humo ndani kuna tasnifu za watu na picha zote za marehemu mama yangu, ambazo hatukuwahi kuzisafisha kwenye karatasi. Je, hakuna dawa ya mlio huo ninayoweza kuifanya mwenyewe, bila mwanamke yule kuvuka kizingiti changu?

Mwenye Cherehani

Mwenye Cherehani,

Weka gazeti chini, kazime kompyuta, ndipo urudi tuendelee.

Umezima? Haya. Dawa ya kujifanyia hakuna. Feni iliyochafuka hata wewe ungeisafisha kwa brashi, lakini diski inayogonga, kila ukiiwasha unaipunguzia siku. Usiipige kofi, na usiiwashe eti kuangalia kama bado. Mchimba kisima huingia mwenyewe: ulitaka kumkomesha fundi, ukawa unaziua picha za mama yako.

Wivu wako siucheki. Mume anayeweza kuigiza mlio wa feni na hasikii mkewe akikohoa anastahili kukalishwa kitako, na ningekuwa karibu ningemkalisha mimi. Ila barua yako nimeisoma mara mbili, na sijaona walipofanya lolote zaidi ya kusikiliza mashine.

Mpigie fundi wewe, kwa simu yako, leo. Mwambie inagonga tangu Jumatatu. Mumeo naye mwambie kwa nini cherehani haikunyamaza. Atakasirika, na ana haki, mwache amalize. Kisha mwambie na la kikohozi, bila kulia. Fundi akija, cha kwanza aokoe picha na tasnifu, mengine baadaye. Cherehani na kompyuta zisikae tena chumba kimoja, na kesho asubuhi nenda hospitali wakakipime hicho kifua.

Halafu mjibu yule dada swali lake, maana bado hujamjibu. Alitoa nyuzi kwenye mashine, akawaza zile unazovuta wewe kwa pumzi. Mlikuwa watatu sebuleni siku ile, na aliyekusikia ukikohoa ni yeye peke yake.